Ukiambiwa "homoni zimevurugika" uliza HOMONI IPI: uzi wa kuelewa karatasi ya vipimo vya tezi, sukari na ndugu zake

#1
Mtu wa Maabara

Habari zenu wanajamvi.

Mimi kazi yangu ni maabara, nashinda na sampuli za damu na karatasi za majibu, na kuna neno limenichosha mpaka nimeamua niandike uzi. Neno lenyewe ni "mvurugiko wa homoni". Siku hizi mtu akinenepa ni homoni, akikonda ni homoni, asiposhika mimba homoni, nywele zikikatika homoni, na kila mtaa kuna mtu anauza unga au maji ya "kubalansi homoni". Na wengine wanaambiwa hivohivo hospitali, kwa haraka, foleni ndefu, mtu anatoka na hilo neno moja tu mkononi.

Sasa ndugu zangu mwili una homoni nyingi sana, zinatoka kwenye tezi tofauti na kila moja ina kazi yake. Mtu akikuambia homoni zimevurugika bila kutaja ipi, hajakuambia kitu. Ukiambiwa hivo uliza mawili tu: ni homoni ipi, na imezidi au imepungua? Ukijibiwa hayo ushaanza kuelewa ugonjwa wako. Ukikosa majibu ujue hujapimwa bado, umekisiwa.

Tuanze na neno tezi maana hapo ndo watu wanapotea mapema. Kwetu tezi ni kila kitu. Mzee akipata shida kukojoa "ana tezi", mama mwenye uvimbe shingoni "ana tezi", mtoto akivimba koo "ana tezi". Ya mzee ni tezi dume, ipo chini ya kibofu, inatengeneza majimaji ya kubebea mbegu, haimwagi homoni kwenye damu kwahio haimo kwenye uzi huu. Ya mtoto mara nyingi ni mafindofindo au mitoki, hizo ni za kinga ya mwili. Ya mama ndo yetu, thairoidi.

Tezi za homoni ni zile ambazo hazina mrija, zinamwaga homoni moja kwa moja kwenye damu halafu damu inaipeleka inakotakiwa. Ziko hivi: pituitari chini ya ubongo, uzito wake haufiki hata gramu moja lakini inaamrisha nyingine nyingi, thairoidi mbele ya koo, parathairoidi nne ndogo nyuma ya thairoidi, adrenali mbili juu ya figo, kongosho nyuma ya tumbo la chakula, halafu ovari kwa wanawake na korodani kwa wanaume. Neno homoni lenyewe alilileta Ernest Starling wa London mwaka 1905, akalitoa kwenye Kigiriki, maana yake kuamsha au kusukuma kitu kianze kazi. Na ndo kazi yake hasa, homoni inaenda sehemu inasema anza, au punguza.

Haya, majina ya magonjwa. Yanatisha lakini mengi yamejengwa kwa vipande vilevile. Kipande cha kwanza ni HAIPO au HAIPA. Haipothairodi, haipathairodi. Haipoglisemia, haipaglisemia. Yanafanana masikioni na yana maana kinyume kabisa, nimeona mpaka watu wa afya wanaandikiana vibaya kwenye fomu. Sisi waswahili tuna bahati hapa, haipo ni haipo! Ukisikia HAIPO jua homoni au hicho kitu hakipo cha kutosha, kimepungua. HAIPA ni kimezidi. Kipande cha mwisho "emia" ni damu, kwahio haipoglisemia ni sukari kupungua kwenye damu, haipokalsemia ni kalsiamu kupungua kwenye damu. Ukishika hivo vipande unaweza kusoma nusu ya karatasi za kliniki ya homoni.

Sasa TSH, ambayo ndo imenifanya nije hapa.

TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye pituitari, kule chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itoe homoni zake ambazo ni T4 na T3. Chukulia pituitari ni msimamizi wa shamba na thairoidi ni kibarua. Kibarua akilala msimamizi anapiga kelele, kibarua asipoamka kelele zinazidi. TSH ndo zile kelele. Kwahio TSH ikiwa JUU maana yake thairoidi imezembea, homoni iko CHINI. Na kibarua akifanya kazi kupita kiasi msimamizi ananyamaza kabisa, TSH inashuka mpaka karibu na sifuri, hapo homoni imezidi.

Watu wengi wanasoma kinyume. Kuna dada alikuja dirishani kwetu na karatasi ya sehemu nyingine, TSH ina herufi H pembeni (yani iko juu), T4 ina L (iko chini). Keshaenda kwa muuza dawa, kaambiwa homoni za tezi zimepanda, kauziwa kitu cha kuzishusha. Amevaa sweta, Dar, saa saba mchana, uso umevimbavimba hasa chini ya macho, sauti imekuwa nzito na anaongea polepole kama anatafuta maneno. Ngozi ya mkono wakati wa kutoa damu ilikuwa kavu inapukutika. Yule homoni imemuishia, anatakiwa aongezewe, na alikuwa anakunywa kitu cha kupunguza kwa sababu ya herufi moja H ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Kwa watu wazima maabara nyingi zinaweka TSH kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini soma kiwango kilichochapwa kwenye karatasi YAKO maana mashine zinatofautiana na mjamzito ana viwango vyake. Na usisome TSH peke yake kama kuna T4 pembeni, zisome pamoja.

Anayetumia levothairoksini (hicho kidonge ndo T4 yenyewe) anywe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, asubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo anywe chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu viachane nacho masaa manne, vinazuia kisifyonzwe. Na usirudi kupima baada ya wiki moja ukasema dawa haifanyi kazi, T4 inakaa mwilini muda mrefu, kipimo cha kurudia ni baada ya wiki sita hivi.

Nimeandika kirefu lakini ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

#2
Mwana Njombe

Asante sana mkuu kwa uzi, nimesoma wote. Naomba kuuliza, bibi yangu huku kijijini ana goita ya miaka mingi, kubwa tu inaonekana, tumempeleka akapimwa wakasema TSH na T4 zote kawaida. Sasa wanafamilia wanasema hospitali wamekosea maana ugonjwa unaonekana kwa macho. Je ni kweli wamekosea?

#3
Mtu wa Maabara

Hawajakosea ndugu yangu. Goita, au rovu kama wazee wanavyosema, ni jina la UKUBWA. Linakuambia thairoidi imevimba, basi, halikuambii inatoa homoni nyingi au kidogo. Unaweza kuwa na rovu na homoni kawaida kama bibi, au imezidi, au imepungua, na unaweza pia kuwa na haipothairodi kali bila uvimbe wowote shingoni. Ndo maana wanapima damu na wanapiga ultrasaundi, hivo viwili vinajibu maswali tofauti.

Kwenu Njombe, Iringa, Mbeya, Rukwa huko rovu lilikuwa jambo la kawaida sana zamani, na sababu kubwa ni madini joto. Ardhi ya milimani mvua zimeyaosha kwa miaka mingi, kwahio mahindi na mboga vinavyoota pale vinakuwa nayo kidogo, na thairoidi inahitaji madini joto ili itengeneze T4. T4 ile namba 4 ni punje nne za madini joto ndani ya homoni moja, na T3 ni tatu. Yakikosekana, kibarua hana malighafi, msimamizi anapiga kelele miaka na miaka, TSH inaisukuma tezi ikue ikue mpaka shingo inajaa. Mara nyingi inafanikiwa kutoa homoni ya kutosha kwa kukua hivo, ndo unapata majibu kama ya bibi.

Miaka ya 80 na 90 watu huko waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, halafu katikati ya miaka ya 90 ikawekwa sheria chumvi yote ya kula iwekwe madini joto. Wenye umri wangu watakumbuka. Sasa ombi langu kwa walio vijijini, ile chumvi ya mawe isiyowekwa kitu bado inauzwa kwenye minada, msiitegemee. Na hata ile ya pakiti usiiache wazi juani au karibu na jiko, madini joto yanapotea, funika, na weka chumvi mwishoni chakula kikikaribia kuiva.

Kuna na muhogo mchungu. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri ile sumu yake mwilini inageuka kitu kinachozuia thairoidi kuvuta madini joto. Peke yake siyo shida kubwa, ila mahali ambapo madini joto tayari ni haba inaongeza balaa. Wataalamu walilichunguza hilo sana Kongo, kisiwa cha Idjwi katikati ya ziwa Kivu, tangu miaka ya 60. Kisiwa kimoja, watu walewale, upande mmoja rovu limejaa na upande mwingine chache.

Bibi asitishwe, ila akianza kukwama chakula au kushindwa kupumua akilala chali, sauti ikakwaruza bila mafua, au uvimbe ukaongezeka haraka na kuwa mgumu, msisubiri, arudishwe.

#4
Binti wa Pili

Mtu wa Maabara shkamoo. Mimi mama yangu ana macho yanatoka nje, anatetemeka mikono, anakula vizuri lakini anakonda na moyo unaenda mbio. Kwenye kadi daktari kaandika "Graves". Jamani nimelia, nimejua ndo wameandika kaburi, yani hana muda.

#5
Mtu wa Maabara

Marahaba mdogo wangu, pole, na futa machozi kabisa. Graves ni jina la mtu. Robert Graves, daktari wa Dublin, ndo alieleza ugonjwa huu mwaka 1835, ukaitwa kwa jina lake, siyo kaburi. Kwenye homoni utakutana sana na majina ya madaktari. Hashimoto ni mjapani aliyeandika mwaka 1912 kuhusu thairoidi inayoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, Addison ni wa London mwaka 1855, Cushing ni mmarekani. Hayo majina hayakuambii ugonjwa ni mkali kiasi gani, kwahio rudi kwenye maswali yetu mawili. Kwa mama: homoni ipi? T4 na T3. Imezidi au imepungua? Imezidi, ni haipathairodi, kinga ya mwili inatengeneza kitu kinachojifanya TSH na kuisukuma thairoidi bila kupumzika. Ukiangalia karatasi yake TSH itakuwa chini sana na T4 juu.

Unatibika. Wengi wanaanza na kabimazoli, kidonge cha kupunguza homoni za thairoidi, na kuna cha kukijua kwenye hio dawa ambacho natamani kila duka la dawa lingekuwa linamwambia mgonjwa: akipata homa na koo kuuma sana au vidonda mdomoni, aache dawa na aende hospitali SIKU HIOHIO apimwe picha kamili ya damu. Ni nadra lakini dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe ghafla, na watu wanadhani ni mafua wanakunywa panadoli. Na kama kuna anayevuta sigara ndani aache, moshi unaharibu yale macho zaidi.

#6
Zuu K

Mimi ni mmoja wa wale wa "homoni zimevurugika". Nina 26, hedhi inakuja baada ya miezi miwili mitatu, nywele za kidevu nanyoa, ultrasaundi wameandika PCOS. Nimeuziwa chai ya kusafisha kizazi, virutubisho vya nywele na kucha, majani ya kila aina. Homoni yangu mimi ni ipi sasa?

#7
Mtu wa Maabara

Dada Zuu asante kwa kuuliza wazi, najua wako wengi wanasoma kimyakimya.

Kwa PCOS, hilo tatizo la ovari na hedhi, homoni zinazotajwa zaidi ni androjeni, testosteroni na ndugu zake, ZIMEZIDI kuliko kawaida ya mwanamke, ndo zinaleta nywele za kidevu na chunusi. Nyuma yake mara nyingi yupo insulini, homoni ya kongosho ya kushusha sukari, mwili hauisikii vizuri kwahio kongosho linatoa nyingi zaidi, na insulini ikizidi inazichochea ovari zitoe androjeni. Ndo maana wengine wanapewa metifomini, dawa ya kisukari, na wanashangaa. Ndo maana pia ni muhimu upimwe sukari hata kama unajisikia mzima.

Vile "visisti" vya kwenye ultrasaundi visikutishe, ni mayai yako machanga yaliyosimama njiani, siyo uvimbe wa kukatwa. Na picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kukupa hilo jina. Vinaangaliwa vitu vitatu: hedhi kuvurugika, androjeni kuzidi (kwa dalili au kwa damu), na muonekano wa ovari. Vikitimia viwili ndo jina linakubalika, TENA baada ya kuhakikisha siyo thairoidi na siyo prolaktini. Uliza kama hizo mbili ulipimwa. Prolaktini inatoka pituitari, ni ya maziwa, ikizidi inazuia hedhi, na kuna dawa zinaipandisha, kwa mfano metoklopramaidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Mtu akiacha ile dawa kwa ushauri wa daktari hedhi inarudi yenyewe, na huyo angekunywa chai ya kusafisha kizazi mwaka mzima.

Na hivo virutubisho vya nywele na kucha angalia pakiti kama kuna bayotini (aina ya vitamini). Dozi kubwa za bayotini zinachanganya mashine nyingi za maabara, TSH inatoka chini kwa uongo na T4 inatoka juu kwa uongo, mtu asiyeumwa anaonekana ana haipathairodi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017. Acha siku mbili tatu kabla ya kutoa damu na utuambie dirishani, sisi hatuwezi kuiona kwenye chupa.

#8
Nesi wa Pwani (Mombasa)

Hamjambo nyote. Niongeze jambo kwa idhini ya mwenye uzi. Huku kwetu tunaona sana wanawake wanaojipaka krimu za kujichubua, mkorogo, na hawajui ndani yake mna dawa kali za steroidi. Mja huja uso umekuwa duara, mgongoni chini ya shingo pamejaa nyama, tumbo limepigwa michirizi ya zambarau, miguu na mikono imekonda, presha juu, sukari juu. Yuaambiwa na mashoga zake amenawiri. Kumbe ni kortisoli, mwili umejaa steroidi ya kupaka inayofanya kazi kama kortisoli, ndiyo ile wanayoita Cushing. Naomba ndugu yangu wa maabara awaeleze hatari ya kuacha ghafla, maana wengi wakisikia hivi hutupa yote siku moja.

#9
Mtu wa Maabara

Dada nesi Mungu akubariki, hapo umegusa penyewe.

Kortisoli inatoka adrenali, zile tezi za juu ya figo, na zenyewe zinaamrishwa na pituitari vilevile kama thairoidi. Ukijipaka au kumeza steroidi kwa muda mrefu msimamizi anaona ipo tele, ananyamaza, adrenali zinasinyaa zinaacha kazi. Ukitupa krimu au predinisoloni ghafla unabaki huna ya nje na huna ya ndani. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, anaweza kufa kwa malaria ya kawaida au ajali ndogo kwa sababu mwili hauna kortisoli ya kupambana. Kwahio nenda hospitali na UBEBE kopo lenyewe, useme ukweli umepaka muda gani, upangiwe kupunguza taratibu. Usione aibu, sisi hatuko pale kukucheka.

Ukipangiwa kupima kortisoli njoo asubuhi, saa mbili hivi. Asubuhi inakuwa juu kiasili na usiku inashuka, kwahio aliyepimwa saa kumi jioni bila maelezo karatasi yake inapotosha tu.

#10
Mbongo wa Texas

Uzi wa maana sana huu. Nilimtumia mama mashine ya sukari kutoka huku Marekani, juzi kapima masaa mawili baada ya chakula imesoma 140, jirani yake ambae ni mgonjwa wa kisukari akamwambia kwamba yeye akifika 20 tu analazwa, kwahio mama ni maiti inayotembea. Nyumba nzima wameamka usiku. Hii imekaaje?

#11
Mtu wa Maabara

Mama yuko salama mkuu, mashine zinaongea vipimo tofauti. Huko Marekani mnatumia miligramu, huku kwetu mashine nyingi ni milimo. Chukua ya Marekani gawanya kwa 18 unapata ya huku. 140 gawa 18 ni 7.8, masaa mawili baada ya kula hio haina tatizo. Mashine nyingi hazikubali kubadilishwa, kwahio muandikie mama namba zake kwenye karatasi abandike ukutani: kabla ya kula asubuhi 126 kwenda juu ni ya kumuona daktari (huku ni 7.0), na chini ya 70 imeshuka (huku ni 3.9).

Imeshuka ndo haipoglisemia, na ndo ya haraka kuliko zote. Jasho jingi la baridi, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15. Kama amezimia MSIMIMINIE kitu mdomoni, mlaze ubavu mumkimbize.

Kwa ajili ya wengine, kile kipimo kinaitwa HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, 6.5 kwenda juu ndo kisukari, Uingereza wanaandika 48 kwa kitu hichohicho. Ila mwenye sikoseli asiamini HbA1c. Kipimo kile kinategemea chembe nyekundu zikae damuni muda wake wote, za sikoseli zinavunjika mapema, sukari inakuwa juu na karatasi inasema kawaida. Huku kwetu sikoseli ni nyingi kwahio sema mapema, wapime kwa njia nyingine.

#12
Mzee wa Mizizi

Mnawatisha watu kwa majina ya kizungu. Babu zetu walitibu bila TSH wala HbA. Mwili ukisafishwa homoni zinajipanga zenyewe.

#13
Mtu wa Maabara

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu na sijaja kugombana na mizizi. Ila nakuuliza kwa dhati. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza kongosho lake halitoi insulini kabisa. Kabla ya 1922 dunia nzima, na siyo huku tu, watoto hao walikufa, hakuna aliyewaokoa awe mzungu awe mwafrika. Januari 1922 kule Toronto kijana wa miaka 14 Leonard Thompson akachomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, akaishi miaka 13 zaidi. Huyo mtoto hana kitu cha kusafishwa. Kuna kitu HAKIPO na lazima akiletewe kila siku. Nimeona mzazi amesimamisha sindano kwa sababu ya maneno kama haya, mtoto kaja anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, hajui jina lake. Mzee kama kuna mtoto wa sindano anakuja kwako nakuomba, mpe unachompa lakini usimwambie aache insulini.

#14
Mama Faraja

Naomba msaada na mimi. Mwanangu ana miaka 6, anakunywa maji kama ndoo, anakojoa usiku kucha, sukari wamepima mara nyingi ni kawaida lakini kadi imeandikwa diabetes. Shuleni wamemkataza pipi na wanamzuia kunywa maji darasani.

#15
Mtu wa Maabara

Mama Faraja tafadhali soma kadi vizuri, neno la pili ni lipi? Kama ni INSIPIDUS basi huo siyo ugonjwa wa sukari kabisa. Zamani waganga wa Ulaya walionja mkojo, wenye mkojo mtamu wakaitwa mellitus yani asali, wenye mkojo usio na ladha insipidus. Kilichofanana ni kukojoa sana tu. Huu wa pili unahusu vasopresini, homoni inayotunzwa pituitari inayoambia figo zirudishe maji. Imepungua, au ipo lakini figo haziisikii. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni duniani wakakubaliana kubadilisha jina, wanaandika upungufu wa vasopresini au ukinzani wa vasopresini, kwa sababu wagonjwa walilazwa kwa shida nyingine wakanyimwa dawa yao na maji, wahudumu wakidhani ni sukari, wengine wakafa.

Kesho nenda shule na barua ya daktari. Pipi siyo tatizo lake. KUNYIMWA MAJI ndo hatari kwake, asizuiwe hata kipindi kimoja.

#16
Neema wa Geita

Nimesoma mpaka hapa nikaona niandike. Mdogo wangu alijifungua akatokwa damu nyingi sana mpaka akazimia, akaongezewa chupa kadhaa. Maziwa hayakutoka kabisa, mtoto sasa anatembea na hedhi haijarudi, nywele za kwapa zimeisha, anasikia baridi, amechoka muda wote. Wamempima TSH tu wakasema kawaida. Wanamwambia homoni za uzazi zimevurugika, na mume anaambiwa mkewe karogwa.

#17
Mtu wa Maabara

Neema hii isikae. Damu ikipotea nyingi wakati wa kujifungua pituitari inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Daktari Sheehan wa Liverpool aliandika kuhusu hilo mwaka 1937 na jina lake ndo linatumika mpaka leo. Hapa msimamizi mwenyewe ndo mgonjwa. Hawezi kupiga kelele, kwahio TSH inaweza kuonekana kawaida kabisa wakati T4 iko chini. TSH peke yake kwa huyu haifai.

Mpelekeni hospitali ya mkoa au ya kanda, na cha kwanza kumwambia daktari ni kwamba ALITOKWA DAMU NYINGI, MAZIWA HAYAKUTOKA, HEDHI HAIJARUDI, kwa mpangilio huo. Ombeni T4 huru pamoja na TSH, kortisoli ya asubuhi, prolaktini, na sodiamu. Kama kortisoli iko chini anatakiwa aanzishiwe hio kwanza ndo ifuate ya thairoidi, kidonge cha T4 kikitangulia kinaweza kumuangusha. Akianza kutapika au kupata homa kabla hamjaenda, msisubiri asubuhi.

Nipe mrejesho hapahapa mkishapata karatasi, andika namba na kiwango kilichochapwa pembeni, jina lake usiweke.